Barua ya wazi kwa mnaoshika fedha za elimu ya ufundi Uganda: sisi tuliovuka miaka 30 tusome wapi?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
na Waheshimiwa Wabunge wa Kamati ya Elimu,
Kampala.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma huku Busia, upande wetu wa Uganda. Naandika kwa ajili yangu na kwa ajili ya wenzangu wa gereji, wa cherehani, wa saluni, wa mbao na wa stima, watu ambao wanafanya kazi kila siku na wanataka kusoma zaidi lakini kila mlango wakigonga wanaambiwa si wa kwao. Tulianza kwa utaratibu kabisa. Tuliandika barua, tukagonga muhuri wa LC1, yaani serikali ya kijiji, tukapeleka kunakohusika, tukaambiwa tuache namba za simu tutapigiwa, na mpaka leo hakuna simu iliyopigwa. Ofisi yenyewe sitaitaja kwa sababu sina ugomvi na karani aliyepokea ile barua, yeye hana bajeti, bajeti mnayo nyinyi, ndio maana nimeamua kuandika hapa wazi ili na wananchi wengine wasome.

Kabla sijaanza kuhesabu shida naomba tuhesabu miaka pamoja, kwa sababu hapo ndipo uchungu wetu ulipo. UPE, yaani shule ya msingi ya bure, ilianza 1997, na mwanzoni ilikuwa watoto wanne tu kwa kila familia. Familia za kwetu mnazijua, mtoto wa tano na wa sita walibaki nyumbani wakichunga mbuzi au wakauza ndizi stendi mpaka huo mpango ulipofunguliwa kwa wote. Sekondari ya bure, yaani USE, ikaja 2007. Sasa mchukue mtu aliyemaliza P.7, darasa la saba, mwaka 2006, nyumbani hakuna ada, shule yake iliishia pale, na mwaka uliofuata wadogo zake wakaingia S.1, kidato cha kwanza, bure. Huyo mtu leo amevuka miaka 30. Na serikali ilipoleta Youth Livelihood Programme, mpango wa kuwainua vijana kwa mitaji na ujuzi, mwaka wa fedha 2013/14 umri ukawekwa 18 mpaka 30, wakubwa zake walikuwa wameshapita na yeye mwenyewe amepita akiwa bado anatafuta mtaji wa kununua grainda. Kwa hiyo kundi lile lile ambalo serikali ilichelewa kulifikia likiwa darasani ndilo linaloambiwa sasa kwamba limezeeka. Mimi siamini kama kuna mtu alikaa Kampala akapanga hivyo kwa ubaya, naamini hakuna aliyeziweka hizo tarehe mbili, ya USE na ya mpango wa vijana, kwenye karatasi moja akaziangalia. Basi nimeziweka.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Umri. Kila mpango wa kufundisha ufundi bure ukisikia redioni, ujue ni wa vijana. Hatuwaonei vijana wivu, ni watoto wetu wale, na mimi mwenyewe nafundisha wawili kwenye banda langu. Lakini Katiba yetu kifungu cha 30 inasema watu wote wana haki ya elimu, haijasema mpaka umri gani. Kina mama angalau UWEP, mpango wa wanawake wajasiriamali, iliwafungulia mpaka miaka 65, lakini ule ni mkopo wa biashara kwa kikundi, darasa la ufundi ni kitu kingine. Mwanaume wa miaka 38 mwenye P.7 na watoto wanne, ambaye anataka kujifunza kuchomelea aluminiamu au kutengeneza gari la mfumo wa umeme, yeye mpango wake unaitwaje? Naomba jina tu, nitazunguka nalo mtaani niwaambie watu.

2. Mlango wa kuingilia na saa za masomo. Community polytechnic inamchukua mtu wa P.7, sawa, lakini ni miaka mitatu. Technical institute ni miaka miwili na inataka S.4. Yote hayo ni mchana. Zile hub za viwanda, yaani vituo vya mafunzo vya Ofisi ya Rais, ni bure na ni miezi sita, na kazi yao inaonekana, nimeona mikate na viatu vilivyotoka huko, lakini mwanafunzi analala huko huko. Mama mwenye mtoto wa kunyonya atalala wapi? Mwenye kibanda cha chipsi akikifunga miezi sita atakuta mtu mwingine ameshakaa pale. Sisi mtu asipofanya kazi leo, usiku hakuna chakula, sio kwamba tunasema kwa kutaka huruma, ndivyo hesabu ya nyumbani ilivyo. Tulikwenda kwenye chuo kimoja tukauliza kama inawezekana darasa la saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu, au Jumamosi na Jumapili, karakana si inakaa imefungwa muda huo, tukajibiwa mwalimu hana posho ya jioni. Yaani mashine za pesa nyingi zimefunikwa turubai na watu wa kuzitumia wamesimama getini, kinachokosekana ni posho ya mwalimu mmoja na mlinzi wa kuwasha taa!

3. Karatasi. Hapa nitakaa kidogo.

Jirani yangu wa banda la pili ni fundi wa magari, ana miaka 44. Gari ikija inagonga kwa chini hakimbilii jeki, anamwambia dereva azunguke nayo uwanjani polepole, yeye anatembea kando yake mkono umeshika ukingo wa mlango, kichwa ameinamisha, hasemi na mtu. Wakirudi anakwambia bushi ya kulia mbele imekwisha na boljointi inakaribia, usiendeshe nayo mpaka Tororo. Ikifunguliwa inakutwa ni hivyo hivyo. Kampuni moja ya malori ikatafuta fundi wa kudumu, mwenye kampuni alimjua, malori yake yalipita mikononi mwa huyu mzee miaka mingi. Lakini watu wa bima wakataka cheti kwenye faili. Kazi akapewa kijana aliyetoka chuo, kijana mzuri mwenye adabu, na akikwama usiku anampigia simu mzee amuelekeze. Mzee hapati shilingi hapo.

Sasa jambo linaloniumiza ni kwamba dawa yake ipo na ni yenu wenyewe. Kuna ile hati inaitwa Worker's PAS, iliyoanzishwa chini ya Directorate of Industrial Training, ambayo inampima mtu kwa kile anachojua kufanya kwa mikono, haimuulizi S.4, halafu inaandika ujuzi wake mmoja mmoja aliouonyesha. Naisifu bila kuficha, ni wazo zuri kuliko mengi niliyoyaona. Lakini ada ya kupimwa analipa nani? Mtu binafsi. Vifaa vya mtihani, nauli ya kwenda kituo, siku za kazi zinazopotea, yote juu yake, isipokuwa apate mfadhili au NGO inapita. Na wengi hata hawajaisikia. Nikiwauliza mafundi wa mtaa wetu karibu wote wananiuliza mimi hiyo ni kitu gani, na hawa ndio watu iliyotengenezwa kwa ajili yao.

Na msifikiri karatasi ni pambo la ukutani. Kuna utafiti ulifanywa hapa hapa Uganda ukachapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la Econometrica, walilinganisha vijana wa hali ya chini waliosoma ufundi chuoni miezi sita wakapata cheti na wengine waliofundishwa ndani ya biashara za watu bila cheti. Makundi yote mawili kipato kilipanda, lakini wale wenye cheti waliendelea kupanda kwa sababu hata wakipoteza kazi waliweza kwenda kwa mwajiri mwingine na kuonyesha wanachokijua. Asiye na cheti ujuzi wake unajulikana kwa bosi mmoja tu, bosi akifunga duka basi unaanza upya. Sisi jua kali wote tuko hapo. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 linatoka Hoima mpaka Tanga, walitakiwa wachomeleaji wenye vyeti vya kimataifa, na nchi hii ina mafundi wa kuchomelea kila kona ya barabara lakini getini pale huingii kwa kusema mimi nimechomelea mageti ya mtaa mzima.

Mimi naishi mpakani, naona. Kenya wana majaribio ya gredi chini ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwanda, unaanza ya tatu unapanda mpaka ya kwanza. Tanzania VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi, wanapima mafundi wa mtaani, wanaita urasimishaji wa ujuzi, na serikali yao imewalipia mafundi wengi. Soko la Afrika Mashariki limefunguliwa, fundi wa upande ule akivuka na cheti chake anapata kazi upande huu, mimi nikivuka kwenda kule na mikono mitupu naulizwa una nini.

4. Pesa mnazotupa ni mkopo, mafunzo hayamo. PDM, mpango wa serikali wa kuinua kaya kupitia parishi, ilizinduliwa Kibuku Februari 2022, milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, milioni moja kwa kaya. Emyooga, mpango wa mitaji kwa vikundi vya kazi, ilianza 2019, na ile ilitujua kabisa kwa kazi zetu, welda kwa chama chao, fundi cherehani kwa chama chao, boda boda kwao, milioni 30 kwa kila Sacco ya kazi kwenye jimbo. Tunashukuru, wapo walioinuka. Ila mtu wa mjini asiye na shamba anapewa milioni ya PDM anunue nguruwe na hana hata pa kuwafungia, wakati angeweza kuitumia kujifunza kutengeneza friji. Na Emyooga ikikupa pesa ya mashine hakuna anayekufundisha mashine mpya. Mnamkopesha mtu afanye zaidi kile kile anachokifanya, bei ile ile, wateja wale wale, halafu mnashangaa marejesho yanasuasua. Upande mwingine mkopo wa elimu upo, ile bodi ya HESFB iliyoundwa kwa sheria ya 2014, lakini ni wa digrii na diploma. Aliyeishia P.7 anayetaka kozi ya miezi minne haingii humo.

5. Vifaa. Mtu akishafundishwa lazima awe na cha kufanyia kazi, na hili nchi yetu ilishalijaribu likafaulu. Kaskazini, chini ya NUSAF, mfuko wa serikali wa kuinua kaskazini mwa Uganda, vikundi vya vijana viliandika mipango ya kujifunza ufundi na kununua vifaa, wakapewa ruzuku kama dola 382 kwa kila mtu, wakaachiwa waendeshe wenyewe. Watafiti wakiongozwa na Blattman walipowarudia baada ya miaka minne walikuta kipato chao kimezidi cha wenzao ambao hawakupata kwa asilimia 38. Ukweli wote usemwe, baada ya miaka tisa wale wengine walishawafikia kwa kipato, lakini waliopewa bado walikuwa na mali zaidi na wengi zaidi walikuwa bado kwenye kazi za ufundi. Na kumbukeni pesa nyingi zaidi ilikwenda kwenye vifaa kuliko kwenye ada. Sasa kwa nini mpango mpya ukija unakuwa ni darasa peke yake au pesa peke yake?

6. Taarifa. Matangazo ya kozi yanatoka kwa Kiingereza kwenye gazeti na kwenye X. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu 2005, huku mpakani na kule Arua na Bombo ndicho tunachouzia na kununulia, na Luganda, Lusamia, Ateso, Lugbara zipo na redio zake zipo. Bandikeni tangazo kwenye banda la boda, litasomwa siku hiyo hiyo.

Waheshimiwa, najua majibu mtakayotoa, mengine tumeshayasikia.

Mtasema pesa hakuna. Nimekaa na kalkuleta ya simu. Nchi ina parishi zaidi ya 10,000, kila moja milioni 100, hiyo ni zaidi ya trilioni moja kwa mwaka. Mkitenga milioni 5 tu kwa kila parishi ziwe za kufundisha na kuwapima watu wazima, milioni 95 zinabaki kwa mikopo kama kawaida, na nyinyi mmepata zaidi ya bilioni 50 bila kukopa popote. Tena mkitaka chanzo kingine, Tanzania waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, mwaka 2023 waliishusha kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5, na sehemu ya pesa hiyo ndiyo inayoendesha VETA. Hapa kwetu hiyo tozo imezungumzwa tangu zama za sheria ya elimu ya ufundi ya 2008.

Mtasema watu wazima wajilipie, wana kazi. Kazi gani? Hii ni nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kisheria bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984, pesa ambayo leo chakula cha siku moja cha familia haitoshi.

Mtasema watu wazima huanza na hawamalizi. Mpango wa kusoma na kuandika, FAL, ulianza 1992, na kina mama wengi walikaa chini ya miti wakajifunza kusoma jina lao na la watoto wao baada ya kutoka shamba. Mtu mzima haachi darasa kwa uvivu, anaacha kwa sababu darasa limewekwa saa ambayo anatakiwa awe sokoni.

Mtasema Benki ya Dunia ilishatoa. Ni kweli, mradi wa ujuzi wa 2015 ulikuwa wa dola milioni 100, ukainua vyuo vya Lira, Elgon, Bushenyi na Bukalasa, na sehemu ikapitia PSFU, taasisi ya sekta binafsi, kama ruzuku, ikiwa na dirisha, yaani fungu, la wafanyabiashara wadogo. Mradi ukaisha na lile dirisha likaisha nao. Kitu cha kudumu hakiwezi kutegemea mradi wenye tarehe ya kufa, ndio maana tunasema kiwekwe kwenye bajeti yetu wenyewe.

Na mtasema tusubiri, sheria mpya ya elimu ya ufundi, TVET, ya 2025 ndiyo kwanza imeanza. Hapana, hapo ndipo tunapotaka kuwahi! Kanuni zikishaandikwa na umri ukishawekwa humo, tutasubiri tena miaka 17 kama tulivyosubiri ile ya 2008 ibadilishwe.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo, na tunaomba yajibiwe kwa maandishi.

Kwanza umri wa juu uondolewe kwenye mafunzo yote ya ufundi yanayolipwa na pesa ya umma, na kila wilaya itenge sehemu ya nafasi kwa waliovuka 30, kipimo kiwe hali ya maisha na siyo tarehe ya kuzaliwa. Mwenyekiti wa LC1 anajua nani hana kitu, hahitaji fomu ya kurasa kumi.

Pili, vyuo vya serikali vyenye karakana vifunguliwe jioni na wikendi, posho ya mwalimu na umeme viingie kwenye bajeti ya chuo, na kozi zikatwe vipande vya wiki kadhaa ambavyo mtu anavikusanya kidogo kidogo mpaka anapata cheti. Mfumo wenu unaruhusu hivyo tayari, vipande vimo kwenye silabasi. Na kina mama wapewe sehemu ya kuacha watoto, hata kama ni chumba kimoja chenye mkeka na mtu wa kuwaangalia.

Tatu, ada ya kupimwa Worker's PAS iondolewe kwa mtu wa kipato cha chini, na wapimaji wawafuate mafundi walipo, Katwe, Kisenyi, soko la Arua, huku Busia, wampime mtu kwenye banda lake na vyuma vyake. Hili ndilo rahisi kuliko yote, na kama mtafanya moja tu mwaka huu lifanyeni hili.

Nne, sehemu ya PDM na Emyooga iruhusiwe kulipia kozi na vifaa, na anayemaliza apate seti ya kuanzia ya kazi yake.

Tano, kila mwaka Bunge lielezwe ni watu wazima wangapi wa kipato cha chini walifundishwa, wangapi walipata cheti, wilaya gani, kwa pesa kiasi gani, na ibandikwe kwenye mbao za parishi kama zinavyobandikwa orodha za PDM.

Mabanda yetu yako karibu na barabara kuu ya kwenda mpakani, mkija hamtahitaji mtu wa kuwaongoza, mtasikia grainda. Njooni siku ya kazi, msituandalie mkutano hotelini. Tunasubiri jibu kabla bajeti ya mwaka ujao haijasomwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa kuchomelea vyuma,
kwa niaba ya mafundi wenzangu wa jua kali,
Busia, Uganda.